Filamu ya Lugha Mbili: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Sinema ya Kihispania na Kiingereza Nchini Marekani

Tarehe 12 Juni 1901, katika wilaya ya Karnes, jimbo la Texas, sherifu alifika nyumbani kwa mkulima mwenye asili ya Meksiko aliyeitwa Gregorio Cortez, akimtafuta mwizi wa farasi. Sherifu hakujua Kihispania, hivyo alifuatana na msaidizi aliyesemekana kukijua. Cortez aliulizwa kama siku za karibuni alikuwa amebadilishana farasi na mtu, na neno lililotumika lilikuwa «caballo», yaani farasi dume. Akajibu kwamba hapana, na alisema kweli, kwa kuwa mnyama aliyembadilisha alikuwa «yegua», farasi jike. Mkalimani akalichukua jibu hilo kuwa uongo. Haukupita muda sherifu alikuwa ameuawa kwa risasi, ndugu yake Cortez amejeruhiwa, na Cortez mwenyewe yuko mbioni kuelekea mpakani, akiandamwa na msako uliodumu siku kumi.

Kisa hicho kilitengenezewa filamu, The Ballad of Gregorio Cortez, ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Robert M. Young na kuigizwa na Edward James Olmos. Watengenezaji wake waliamua kutokuweka manukuu ya Kiingereza, yaani tafsiri inayoandikwa chini ya picha, mahali ambapo wahusika wanazungumza Kihispania. Mtazamaji anayejua Kiingereza peke yake hubaki gizani pamoja na sherifu mpaka mkalimani mwingine anapoeleza baadaye tofauti ya maneno yale mawili, ilhali mtazamaji anayejua lugha zote mbili huona maafa yanakuja tangu swali la kwanza na hana la kufanya. (Kwetu farasi ni farasi mpaka mtu aongeze «jike» au «dume», hivyo mfasiri wa Kiswahili angekuwa na kazi ya ziada hapo.)

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kutengeneza filamu ya namna hiyo nchini Marekani, ambako Kihispania kimekuwa lugha ya sinema kwa karibu miaka 100 ndani ya nchi inayozungumza Kiingereza. Anayechanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng atayaona matatizo yake humu pia, lakini nitabaki na Kihispania, kwa sababu huko ndiko majaribio mengi yamekwisha kufanyika.

Hatua ya kwanza: chora ramani ya ufahamu

Watengenezaji wengi huanza kwa kujiuliza filamu itakuwa na Kihispania kiasi gani, kana kwamba lugha ni chumvi ya kupimwa kwa kijiko. Swali hilo lina wakati wake, nasi tutalifikia kwenye masuala ya tuzo. Swali linalotangulia ni nani anaelewa nini.

Tuchukue onyesho moja ambalo nitalirudia hadi mwisho wa mwongozo. Mama aliyehamia Houston kutoka El Salvador yuko kliniki pamoja na binti yake wa miaka 11. Mama hajui Kiingereza, daktari hajui Kihispania, na binti, anayejua lugha zote mbili, ndiye mkalimani. Daktari anaeleza kwa Kiingereza kwamba uvimbe uliopimwa ni saratani. Binti ananyamaza kidogo, kisha anamgeukia mama yake: «Dice que todo está bien, mami». Amemwambia kwamba daktari anasema kila kitu kiko sawa.

Kwa kila onyesho la namna hii, chukua karatasi na uandike mambo matano: nani anazungumza, kwa lugha gani, nani aliyepo chumbani anaelewa, nani anajifanya haelewi, na mtazamaji yupi anaelewa. Mtazamaji umgawe mara tatu, yaani anayejua Kihispania tu, anayejua Kiingereza tu, na anayejua zote mbili. Ukimaliza utagundua kwamba kuna maonyesho ambayo lugha ya pili haibadilishi chochote, na hayo yanaweza kuandikwa kwa lugha yoyote. Yale ambayo lugha inabadilisha nani ana siri na nani hana ndiyo mifupa ya filamu yako. Yawekee alama, maana kila uamuzi utakaofuata, kuanzia usaili wa waigizaji hadi manukuu, utapimwa kwayo.

Ramani hiyo pia hufichua udhaifu wa hadithi mapema. Kwa mfano, kanuni za shirikisho nchini Marekani haziruhusu hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kumtegemea mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa pale penye dharura. Watazamaji wengi Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, waliwahi kuwa watoto wakalimani, na wanajua kwamba jambo hilo hutokea hata hivyo. Lakini muuguzi au mwanasheria atakayekaa ukumbini atauliza. Mstari mmoja unatosha kumjibu: mkalimani wa simu hapatikani, au mama mwenyewe amemkataa kwa sababu anamwamini mwanawe zaidi.

Hatua ya pili: amua Kihispania chako ni cha wapi

Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1 nchini Marekani. Takribani asilimia 60 kati yao wana asili ya Meksiko, lakini anayeandika kana kwamba wote wanatoka huko ataumbuka mara moja. Miami imejaa Wakuba, New York ina Wapuerto Rico na Wadominika, na Wasalvador ni wengi Houston, Los Angeles na pembezoni mwa Washington. Basi la abiria huitwa «guagua» na Mkuba na «camión» na Mmeksiko, na Mchile akisikia «guagua» atafikiri unazungumzia mtoto mchanga. «Ahorita» kwa Mmeksiko huelekea sasa hivi, kwa Mpuerto Rico huelekea baadaye kidogo. Kitenzi «coger», ambacho huko Hispania na Karibi ni kuchukua au kushika tu, nchini Meksiko na Argentina ni tusi la chumbani, na kimewahi kuangusha mistari mingi iliyoandikwa kwa nia njema.

Mama yetu wa Houston anatoka El Salvador, ambako watu wa karibu huitana «vos» badala ya «tú». Akitaka ukweli kutoka kwa binti yake atasema «decime la verdad». Mwandishi wa asili ya Meksiko angeandika «dime la verdad», na kila Msalvador ukumbini angejua kwamba mwanamke yule ni wa kuigizwa. Kwa daktari mama huyohuyo atatumia «usted», namna ya heshima. Kiswahili hubeba heshima ya aina hiyo kwa shikamoo na kwa majina ya ukoo na umri, Kihispania huibeba ndani ya kitenzi chenyewe, na Kiingereza huipoteza kabisa, jambo ambalo mwandishi wa manukuu atalihitaji kujulishwa.

Yapo pia maneno ya Kihispania yaliyozaliwa Marekani: «lonche» kwa chakula cha mchana, «troca» kwa gari la mizigo, «parquear» kwa kuegesha gari. Walimu huyachukia, wazazi huyatumia kila siku. Mhusika aliyeishi Texas miaka 20 asipoyatumia, anakuwa ametolewa kitabuni.

Na usidhani kila kijana mwenye jina la Kihispania anakisema. Utafiti wa Pew Research Center uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba takribani robo ya Walatino watu wazima nchini Marekani huzungumza Kihispania kidogo tu au hawakizungumzi kabisa. Mzazi akiuliza kwa Kihispania na mtoto akajibu kwa Kiingereza, wote wawili bila kuona ajabu, hapo una familia halisi. Mjukuu anayeelewa bibi akimgombeza lakini hawezi kumjibu ana hadithi yake mwenyewe.

Hollywood ilijifunza gharama ya kupuuza hatua hii zamani sana. Mwanzoni mwa sinema ya sauti, studio zilitengeneza matoleo ya Kihispania ya filamu zao kwa ajili ya Amerika ya Kilatini na Hispania. Lile linalokumbukwa zaidi ni la Drácula, la mwaka 1931, lililopigwa na Universal usiku katika majukwaa yaleyale ambayo kundi la Kiingereza lilitumia mchana. Mwongozaji wake, George Melford, hakujua Kihispania na alifanya kazi kupitia kwa msaidizi. Kwa upande wa picha toleo hilo husifiwa na wengi kuliko la Kiingereza. Kwa upande wa masikio, waigizaji walitoka nchi mbalimbali na kila mmoja alikuja na lafudhi yake, kiasi kwamba watu wanaoishi jirani katika hadithi wanasikika kama wamekutana uwanja wa ndege.

Hatua ya tatu: andika mswada unaosomeka na watu wa aina mbili

Zipo njia tatu zinazotumika. Ya kwanza ni kuandika kila mstari katika lugha utakayosemwa, na chini yake tafsiri kwa herufi za mlalo. Ya pili ni kuandika mswada wote kwa Kiingereza, huku ukiweka alama kwamba mistari fulani itasemwa kwa Kihispania. Ya tatu ni safu mbili, kila lugha upande wake.

Ninapendekeza uwe na matoleo mawili tangu mwanzo. Toleo la kupigia picha liandikwe kwa njia ya kwanza, kwa sababu mwigizaji, msimamizi wa mswada na mtu wa sauti wote wanahitaji kuona maneno yenyewe. Toleo la wafadhili, ambao wengi wao husoma kurasa hizo usiku wakiwa wamechoka, liandikwe kwa njia ya pili. Njia ya safu mbili inavutia mezani, lakini huvuruga hesabu inayozoeleka ya ukurasa mmoja kwa dakika moja, na meneja wa uzalishaji atakulaumu. Hata toleo la njia ya kwanza hurefushwa na tafsiri, kwa hiyo hesabu ya muda ifanywe kwa toleo la wafadhili.

Kosa linaloua miswada mingi ni kuandika kila kitu kwa Kiingereza na kumpa mfasiri mistari ya Kihispania wiki moja kabla ya kuanza kazi. Matokeo yake ni Kihispania sahihi kisicho na mwenyewe. Tafuta mwandishi mwenza aliyekulia katika jamii husika, mweke ndani tangu rasimu ya kwanza, na mlipe kama mwandishi, jina lake likiwa mahali panapostahili. Kisha someni mistari kwa sauti mbele ya watu watatu au wanne wa jamii hiyo wa rika tofauti. Mtu wa miaka 60 atakamata neno lisilo la kwao, na wa miaka 17 atakamata neno ambalo hakuna anayelisema tena.

Kuhusu kuchanganya lugha ndani ya sentensi moja, chunga jambo hili: wazungumzaji halisi hawabadilishi lugha ovyo. Hubadilisha pale ambapo sarufi za lugha zote mbili zinakubaliana, na mara nyingi kwa sababu fulani, kama kunukuu maneno ya mtu, kumtenga aliye karibu, kutania, au kurudi utotoni hasira inapopanda. Kumwekea mhusika «amigo» au «mi amor» mwishoni mwa kila sentensi ya Kiingereza ni mapambo ya bei rahisi. Binti yetu, baada ya kumdanganya mama, anaweza kumwambia daktari kwa Kiingereza safi kwamba mama ameelewa, halafu neno moja la Kihispania likamponyoka akiwa kwenye gari. Neno hilo moja litafanya kazi kuliko ukurasa mzima wa mchanganyiko.

Hatua ya nne: fedha, haki na mikataba

Hapa nitapita haraka, kwa sababu sehemu kubwa haina tofauti na filamu nyingine yoyote. Sajili mswada katika ofisi ya hakimiliki ya shirikisho, na hakikisha mkataba wa mwandishi mwenza na wa mfasiri unakukabidhi haki za lugha zote mbili, msambazaji atazidai.

Latino Public Broadcasting, iliyoanzishwa mwaka 1998, imekuwa ikifadhili kazi zinazokusudiwa televisheni ya umma, na chama cha watayarishaji cha NALIP, kilichoanzishwa mwaka uliofuata, huendesha programu za kulea miradi. Puerto Rico hutoa nafuu ya kodi ya hadi asilimia 40 kwa malipo yanayokwenda kwa wakazi wake, na wafanyakazi wa huko wamezoea lugha zote mbili.

Bajeti ndogo si kikwazo cha lugha. Robert Rodriguez alipiga El Mariachi huko Ciudad Acuña, upande wa Meksiko wa mto wa mpakani, kwa takribani dola 7,000, akilenga soko la kaseti za video za Kihispania. Columbia Pictures iliinunua na kuionyesha kumbini mwaka 1993 ikiwa bado kwa Kihispania.

Katika bajeti yako, tenga fungu la lugha linalojitegemea: mkufunzi wa lafudhi, msimamizi wa mswada anayejua lugha zote mbili, seti mbili za manukuu, na siku mbili za kurekodi upya sauti. Fungu hilo likiwekwa ndani ya «mengineyo» litaliwa kabla ya wiki ya pili.

Hatua ya tano: usaili

Waigizaji walio chini ya chama cha SAG-AFTRA wanaweza kufanya kazi katika filamu ndogo kwa masharti nafuu. Mkataba uitwao Ultra Low Budget huishia dola 300,000, na ule wa Moderate Low Budget dola 700,000. Masharti hayo hayabagui lugha, na mwigizaji anayeigiza kwa Kihispania halipwi chini kwa sababu hiyo.

Katika usaili, usimwulize mwigizaji kama anajua Kihispania. Kila mtu atasema ndiyo. Mpe ukurasa mmoja wa Kihispania cha mhusika wake na dakika 15 za kuusoma, kisha mwache aendelee bila karatasi, akizungumza kama mhusika juu ya jambo dogo, kwa mfano kumweleza jirani kwa nini kodi ya nyumba imechelewa. Anayekariri vizuri hukwama hapo. Mtu anayejua lugha hiyo kwa kuzaliwa awe chumbani kusikiliza, na asiwe wewe kama huna uhakika na sikio lako.

Je, lazima mwigizaji atoke nchi ya mhusika? Sioni kwamba ni lazima, ila lafudhi ilipiwe jasho. Benicio del Toro, mzaliwa wa Puerto Rico, aliigiza polisi wa Tijuana katika Traffic ya mwaka 2000, karibu muda wote akizungumza Kihispania, akapata Oscar. Kinachowaudhi watazamaji ni uvivu: baba wa Kikolombia, mama wa Kihispania cha Madrid na mtoto wa Kimeksiko katika nyumba moja, na hadithi haisemi lolote kuhusu hilo. Kwa mkufunzi wa lafudhi, wiki nne kabla ya kupiga picha ni muda wa chini kwa nafasi kubwa.

Kwa binti wa kliniki, tafuta mtoto anayefanya ukalimani nyumbani kwao. Ana namna ya kuangalia sakafu kabla ya kutafsiri jambo zito ambayo hakuna mkufunzi atakayeifundisha. Kwa sababu hiyohiyo zungumza na wazazi wake mapema juu ya maudhui ya onyesho, na umtengee siku fupi kama sheria za kazi za watoto zinavyotaka.

Hatua ya sita: siku za kupiga picha

Ratiba ya kila siku itolewe kwa lugha zote mbili, hasa sehemu za usalama. Msimamizi wa mswada aandike maneno yaliyosemwa kweli katika kila jaribio, yaani kila mara onyesho linapopigwa upya, kwa kuwa mwigizaji wa lugha mbili, akijisikia huru, hubadilisha lugha bila kujua. Jaribio la kwanza «mira», yaani tazama, ilisemwa kwa Kihispania, la tatu neno hilo likasemwa kwa Kiingereza, na mhariri atagundua miezi miwili baadaye kwamba mistari miwili haiungani.

Mwongozaji asiyejua mojawapo ya lugha anaweza kufanikiwa, lakini lazima amwamini mtu mmoja, na awe mmoja tu, wa kumwambia kama mstari umekaa. Wakiwa watatu, watabishana kuhusu lahaja huku jua likizama.

Onyesho lenye ukalimani upige kwa kamera inayokaa na anayesikiliza. Daktari anapozungumza, sura ya mama, ambaye haelewi lakini anasoma sauti na macho, ndiyo picha yenye thamani. Piga pia jaribio zima bila kukata, kwa kuwa ukimya kati ya maneno ya daktari na uongo wa binti ndio moyo wa tukio, na mhariri hawezi kuuokoa akiletewa vipande.

Hatua ya saba: uhariri, sauti na mtego wa kudabi

Mpe mhariri asiyejua lugha moja tafsiri ya mstari kwa mstari yenye alama za muda, na kabla ya kufunga picha, mketishe na mzungumzaji wa lugha hiyo wakague kila mkato. Ni rahisi mno kukata neno katikati pale usipojua linaishia wapi.

Muziki na sauti za mazingira zitengwe katika njia yao tofauti na mazungumzo, kwa sababu mnunuzi wa nje atazihitaji akitaka kudabi, yaani kubadilisha sauti za waigizaji kwa sauti za lugha nyingine. Hapo ndipo filamu ya lugha mbili hunaswa. Onyesho letu la kliniki likidabiwa lote kwa Kihispania, daktari ataanza kuzungumza Kihispania, na mtazamaji atajiuliza binti anatafsiri nini na kwa nini. Katika tamthilia ya vichekesho ya Uingereza ya Fawlty Towers, mhudumu Manuel anayevuruga Kiingereza alitoka Barcelona. Toleo la Hispania lilimgeuza kuwa Mwitaliano aitwaye Paolo. Katika kichekesho dawa hiyo inanyweka, lakini mama wa El Salvador haiwezekani kumpeleka Naples. Andika ndani ya mkataba wa mauzo kwamba maonyesho fulani, ukiyataja kwa namba, hayatadabiwa bali yatawekewa manukuu, na ambatanisha ukurasa mmoja wa kueleza sababu. Mafundi wa kudabi si wajinga. Mara nyingi hakuna aliyewaambia.

Hatua ya nane: manukuu

Watengenezaji hulitupa jambo hili mwishoni, kwa mtu wa bei ya chini, na ndilo linaloamua kama ramani ya ufahamu uliyoichora mwanzoni itafika kwa mtazamaji.

Anza kwa kuchagua msimamo. Waweza kutafsiri kila kitu. Waweza kuacha lugha ya pili bila manukuu, kama ilivyofanyika katika filamu ya Cortez na kama alivyofanya Steven Spielberg katika West Side Story ya mwaka 2021, akieleza kwamba hakutaka Kiingereza kitawale Kihispania. Au waweza kuamua onyesho kwa onyesho, na mimi niko upande huo. Kutotafsiri kwa kanuni kunaweza kuwa heshima, na kunaweza pia kuwafungia mlango wazee wanaojua Kihispania tu, ambao mara nyingi huwekewa filamu yenye nusu ya Kiingereza bila neno moja la kuwasaidia.

Hivyo andaa seti mbili kamili. Seti ya Kiingereza itafsiri Kihispania, na seti ya Kihispania itafsiri Kiingereza. Angalia kliniki inavyogeuka. Mtazamaji wa Kiingereza anamsikia daktari moja kwa moja, kisha anasoma uongo wa binti. Mtazamaji wa Kihispania, ukitafsiri maneno ya daktari, ataujua ukweli naye, na wote wawili watamwangalia mama akiwa peke yake katika kutojua. Ukiyaacha maneno ya daktari bila tafsiri katika seti ya Kihispania, mtazamaji huyo atakaa kwenye kiti cha mama na atadanganywa pamoja naye. Zote mbili ni filamu halali. Chagua moja na uiandike katika maelekezo, usimwachie fundi.

Vipimo vinavyokubalika na majukwaa mengi ni mistari miwili, kila mmoja usiozidi herufi 42, na nukuu moja isikae zaidi ya sekunde saba. Ukikadiria kasi ya herufi 17 kwa sekunde, mistari miwili iliyojaa inahitaji karibu sekunde tano. Kihispania kilichoandikwa huwa kirefu kuliko Kiingereza chenye maana ileile, kwa hiyo seti ya Kihispania itabanwa zaidi, na mfasiri aruhusiwe kufupisha. Nukuu isitokee kabla ya mtu kufungua kinywa. Uongo wa binti ukisomeka nusu sekunde mapema, ukimya wake umekufa.

Mhusika anapochanganya lugha ndani ya sentensi, tafsiri sentensi nzima au iache nzima. Nukuu inayotoa nusu ya sentensi humfanya mtazamaji asikilize nusu na kusoma nusu, na asipate yoyote. Pale ambapo kubadilisha lugha kwenyewe kuna maana, herufi za mlalo kwa lugha ya pili zinasaidia, mradi uzitumie hivyo filamu nzima.

Katika maandishi ya viziwi, kataa kabisa nukuu inayosema tu kwamba mhusika anazungumza Kihispania. Kiziwi Mlatino anasoma Kihispania kama jirani yake anavyokisikia, basi mwandikie maneno yenyewe.

Hatua ya tisa: tuzo na matamasha

Sasa lile swali la kiasi. Tuzo ya Oscar ya Filamu Bora ya Kimataifa, iliyobadilishiwa jina mwaka 2019, inataka filamu iliyotengenezwa nje ya Marekani na ambayo zaidi ya nusu ya mazungumzo yake si Kiingereza. Filamu yako ya Houston, hata ikiwa ya Kihispania mwanzo hadi mwisho, haiingii hapo. Njia yake ni ile ya filamu nyingine za Marekani: El Norte ya Gregory Nava, ya mwaka 1983, yenye Kihispania, Kiingereza na lugha ya Wamaya, iliteuliwa katika kundi la mswada asilia.

Kwa msomaji aliye Nairobi au Dar es Salaam kanuni hiyo inakata upande wa pili. Mwaka 2019 filamu ya Nigeria, Lionheart, iliondolewa kwa sababu ilikuwa na Kiingereza kingi mno, ijapokuwa Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya nchi hiyo. Kenya ilipopeleka filamu yake ya kwanza mwaka 2012, Nairobi Half Life, Kiswahili na Sheng viliivusha kizuizi hicho. Anayeota kundi hilo ahesabu dakika za mazungumzo ya kila lugha akiwa bado kwenye mswada.

Kwa matamasha, peleka kwa yale makubwa, lakini usiyadharau ya Walatino, ambako watazamaji wako wamekwisha kukaa: CineFestival ya San Antonio, iliyoanza mwaka 1976, ile ya Chicago iliyoanza katikati ya miaka ya 1980, na ya Los Angeles ambayo Edward James Olmos alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwaka 1997.

Hatua ya kumi: kuifikisha kwa watazamaji

Wasambazaji wengi hupenda tangazo linaloficha lugha, vipande vya muziki na picha bila mtu kuzungumza. Kataa. Anayekuja bila kujua atakasirika, na anayeitafuta lugha yake hatajua kwamba uko. Mwaka 2013 filamu ya Eugenio Derbez, No se aceptan devoluciones, iliuzwa waziwazi kuwa ya Kihispania cha familia. Ilianza katika kumbi chini ya 350, mwishoni mwa juma la sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, na hatimaye ikaingiza zaidi ya dola milioni 44 ndani ya Marekani pekee. Familia zilikuja kwa vizazi vitatu pamoja, bibi kwa ajili ya lugha na wajukuu kwa ajili ya manukuu.

Anza na miji michache ambayo Kihispania chako ni cha nyumbani. Filamu yetu ianzie Houston, Los Angeles na vitongoji vya Washington, Miami ingoje. Chagua Jumapili alasiri kuliko Alhamisi usiku, na tangazo la redio ya Kihispania ya mtaa lirekodiwe na mwigizaji wako mwenyewe, kwa lafudhi ya mama wa Kisalvador. Ukumbi wenye vyumba vingi uombe kuonyesha seti zote mbili za manukuu kwa saa tofauti, na saa hizo ziandikwe kwenye bango kwa lugha zote mbili.

Baadaye yatakuja majukwaa ya mtandaoni, na hapo kabidhi faili za manukuu pamoja na karatasi inayosema ipi huwashwa yenyewe na ipi huchaguliwa na mtazamaji. Siku ya kwanza ukumbini, fika saa moja kabla ya watu, mwombe fundi wa mtambo akuonyeshe dakika mbili za onyesho la kliniki, na usiondoke kwenye kiti mpaka umeona kwamba daktari anazungumza, mama anamtazama, na chini ya picha pana maneno, au hapana, kama ulivyoamua.